Mguu Unaovimba: Mwongozo wa Mitishamba ya Mishipa kwa Mkazi wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Kama jioni kiatu kinakubana ilhali asubuhi kilikuwa kinapwaya, kama shavu la mguu ni zito na mishipa ya buluu imejisokota chini ya ngozi, bila shaka umeshashauriwa mengi. Jirani ametaja majani, shangazi ametaja magome, na stendi ya Kibiti umeoneshwa chupa inayotibu "mishipa yote". Mwongozo huu utakusaidia kujua ni mguu wa namna gani ulio nao, ni mmea upi una ushahidi wa kusaidia mishipa, upi unafaa ngozi tu, na upi usiuguse.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ujue mguu kwanza, jani lifuate. Na jani lolote utakalolitumia, lisichukue nafasi ya kuosha, kuinua, kufunga na kutembea, maana hayo manne ndiyo yanayoutuliza mguu huu.

Kwa nini mguu hujaa

Damu ikishashuka hadi unyayoni ina safari ya kupanda kurudi moyoni. Kila unapopiga hatua, shavu la mguu huikamua juu kama mkono unavyokamua tui, na vali ndogo zilizo ndani ya mishipa ya vena huizuia isirudi chini. Vali zikilegea, damu hutuama. Mishipa hupanuka na kujitokeza, maji huvujia kwenye nyama, ngozi ya juu ya kifundo huwa nyeusi na kuwasha. Ukiendelea kuipuuza hupasuka kidonda, mara nyingi upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Hicho ndicho wengi hukiita donda ndugu, na wapo wanaoamini wamekanyaga kitu walichotegewa. Chanzo chake mara nyingi ni damu iliyotuama, na kinatibika.

Wanaopata shida hii zaidi ni wanawake waliobeba mimba nyingi, watu wa makamo na wazee, wenye uzito mkubwa, wenye wazazi waliokuwa nayo, na wote wanaosimama au kukaa mahali pamoja kwa saa nyingi: mama lishe, fundi cherehani, mlinzi, mvuvi anayekunja miguu mtumbwini tangu maji kupwa hadi kujaa.

Kwetu pwani kuna jambo la pili linalofanana na hili na kuchanganywa nalo kila siku: matende. Haya hutokana na minyoo midogo inayobebwa na mbu, ambayo huharibu mishipa ya limfu. Maji ya dafu hayahusiki kabisa, wala kwa matende wala kwa busha. Mpango wa taifa wa kutokomeza ugonjwa huu ulianza kugawa dawa mwaka 2000 kisiwani Mafia, ng'ambo tu ya Nyamisati, kisha ukaenea wilaya nyingine. Ivermektini na albendazo zinazogawiwa bure kama kingatiba ndizo hizo. Zikija kijijini kwako, meza hata kama huoni uvimbe, kwa sababu minyoo huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Wagawaji wakikuruka kwa sababu ya ujauzito, umri au ugonjwa, wana sababu yao, usilazimishe.

Hatua ya kwanza: ujue mguu wako

Fanya hivi kabla hujachuma jani lolote.

1. Kaa, weka miguu yote miwili sambamba, uitazame. Umevimba mmoja au yote?
2. Bonyeza ugoko kwa kidole gumba taratibu, hesabu hadi kumi, achia. Kukibaki shimo, kuna maji. Uvimbe wa matende ya zamani ni mgumu na mara nyingi haubonyei.
3. Lala usiku miguu ikiwa imeinuliwa. Uvimbe wa vena huelekea kupungua asubuhi na kurudi jioni. Wa matende yaliyokomaa haubadiliki.
4. Angalia kati ya vidole. Ngozi nyeupe iliyolowa, yenye harufu au mipasuko, ni mlango wa vijidudu.
5. Kumbuka dawa unazomeza. Amlodipini, dawa ya presha wanayotumia watu wengi, huvimbisha vifundo vya miguu yote miwili. Usiiache mwenyewe, maana presha ikipanda ni hatari kubwa kuliko uvimbe. Rudi kwa aliyekuandikia, kuna dawa mbadala.

Miguu yote miwili ikivimba pamoja na uso, tumbo au pumzi kukatika, shida inaweza kuwa moyo, figo au ini. Hapo hakuna jani la mishipa litakalosaidia, na kila wiki unayopoteza ni ya kujutia.

> SANDUKU LA HATARI: usisubiri, nenda hospitali leo
> - Mguu mmoja umevimba ghafla, shavu linauma na kuwaka moto. Huenda damu imeganda ndani. Hatari huongezeka kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, au aliyelala kitandani siku nyingi.
> - Uvimbe huo na pumzi fupi, kifua kuchoma au kukohoa damu.
> - Mjamzito aliyevimba uso na mikono, anayeumwa kichwa au kuona maluweluwe.
> - Homa, mitoki kinenani, na mguu mwekundu unaowaka.
> - Mshipa umepasuka na damu inatoka. Mlaze mtu chini, inua mguu juu, gandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia, kisha msafirishe.
> - Mguu wa baridi, wenye ganzi au uliobadilika kuwa mweusi.

Mguu ulioganda damu usikandwe. Kukanda kunaweza kulisukuma pande la damu hadi mapafuni na mtu akafa. Nakazia hili kwa sababu kukanda ndilo jambo la kwanza ndugu hufanya kwa mapenzi.

Mimea yenye ushahidi

Mmea uliochunguzwa sana kwa mishipa ya miguu ni mti wa Ulaya, *Aesculus hippocastanum*. Mbegu zake zina esini, kemikali inayopunguza uvujaji wa maji kutoka kwenye mishipa. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2012 yalikusanya majaribio yaliyodumu kati ya wiki 2 na 16, yakaona dondoo ya mbegu hizo hupunguza maumivu, uvimbe na muwasho kwa muda mfupi. Kipimo kilichotumika mara nyingi ni esini miligramu 50 mara mbili kwa siku, ndani ya kapsuli zilizosafishwa kiwandani. Mbegu mbichi ni sumu. Ukiletewa na ndugu kutoka nje unga wa mbegu hizo usio na pakiti wala kipimo, usiunywe. Kwenye pakiti halali utaona neno aescin na idadi ya miligramu.

Dawa ya pili ni diosmini na hesperidini, zinazohusiana na maganda ya machungwa na ndugu zake. Kidonge cha kawaida ni miligramu 500, chenye diosmini 450 na hesperidini 50, na hupatikana famasi. Najua Kibiti haikosi machungwa, lakini kuchemsha maganda hakukupi dawa hiyo: diosmini ya kidonge hutengenezwa kiwandani kwa kubadilisha hesperidini. Kula chungwa lako kwa raha yake.

Ya tatu ni majani ya mzabibu mwekundu, ambayo Ulaya hutolewa kama dondoo kwa miguu mizito. Zabibu zinalimwa Dodoma, ila majani ya shambani yaliyopuliziwa dawa ya ukungu ni kitu kingine kabisa.

Ya nne huota hata kwetu: *Centella asiatica*, mmea unaotambaa kwenye majimaji, wenye majani madogo ya umbo la figo. Dondoo yake imejaribiwa kwa uvimbe wa vena ikaonesha matumaini, na pia kuna watu walioumia ini baada ya kuitumia. Anayekunywa pombe sana, mwenye homa ya ini au anayemeza dawa za kifua kikuu asiiguse. Na usiichume kwenye mabonde ya mpunga yanayopuliziwa dawa.

Hata dondoo hizi bora hupunguza dalili tu. Hazirudishi vali iliyolegea, hazifuti mshipa uliojitokeza, na kwa kufunga kidonda cha mguu ushahidi wake ni dhaifu. Anayekuahidi hayo matatu kwa chupa moja anakudanganya. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo na anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda kama wafarini wasianze yoyote bila kuzungumza na daktari.

Mimea tuliyo nayo: ipi inafaa nini

*Mafuta ya nazi.* Haya nayapenda. Yapake kwenye ngozi nzima iliyokauka baada ya kuosha, juu ya ugoko na kisigino. Ngozi laini haipasuki, na isiyopasuka haiingizi vijidudu. Usipake kati ya vidole, pale panatakiwa pawe pakavu.

*Mshubiri.* Ute wa ndani ya jani hupooza ngozi inayowasha. Toa kwanza maji ya njano yaliyo chini ya ganda, huwasha. Kuunywa kwa ajili ya mishipa hakuna faida, huharisha, na mjamzito aache kabisa.

*Mwarobaini.* Majani yaliyochemshwa kwenye maji safi, yakachujwa na kupoa, yanaweza kutumika kusuuzia ngozi yenye fangasi isiyo na jeraha. Mafuta yake yasinywewe, hasa na mtoto.

*Mlonge.* Ni mboga nzuri, uile. Usiulipie bei ya dawa ya mishipa.

*Tangawizi, kitunguu saumu, manjano.* Kwa kiasi cha chunguni havina neno. Kwa vijiko na vijiko kila siku, pamoja na wafarini au aspirini, au kabla ya upasuaji, vinaweza kuongeza kutokwa damu.

*Majani ya mbarika yaliyopashwa moto.* Bibi zetu wameyafunga kwenye uvimbe miaka mingi na yanaliwaza maumivu. Ila joto hupanua mishipa, na mguu wa vena hutaka ubaridi. Mwenye kisukari na ganzi anaweza kuungua bila kuhisi. Ukiyataka, yawe ya uvuguvugu, kwenye goti linalouma, mbali na mishipa iliyovimba. Mbegu zake ni sumu kali, ziwekwe mbali na watoto.

*Magome ya mikoko.* Ya mkoko, mkandaa na mkomafi yana tanini nyingi. Wakati wa Wajerumani magome ya delta yalisafirishwa kwenda kutengenezea ngozi viwandani, na sababu ni hiyo tanini, hukaza. Ukiyachemsha na kuosha mguu utahisi ngozi imebana. Kilichobana ni ngozi ya juu. Mshipa ulio chini haujaguswa, na ngozi iliyokazwa kila siku hukauka ikapasuka. Isitoshe, mti uliochunwa gome kuzunguka shina hufa, na mikoko ya Rufiji ni hifadhi.

> USIVIWEKE MGUUNI KABISA
> - Mafuta ya ganda la korosho: huunguza ngozi kama asidi.
> - Utomvu wa mnyaa: huunguza, na ukiingia jichoni unaweza kupofusha.
> - Tope, majivu, mavi ya ng'ombe au unga wa majani juu ya kidonda: huleta pepopunda.
> - Chale na chuku kwenye mguu uliovimba. Ngozi iliyojaa maji haiponi upesi, na kila chale ni mlango mpya. Matende mengi yaliyotulia yamelipuka upya kwa wembe.

Jinsi ya kujaribu mmea kwa usalama

Sikuzuii. Nakuomba ujaribu kwa utaratibu.

1. Ujue jina la mmea na sehemu inayotumika. "Dawa ya siri" usinywe.
2. Jaribu mmea mmoja tu kwa wakati. Ukichanganya minne na ukaota vipele, hutajua mkosaji.
3. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, subiri siku moja. Ikiwasha, acha.
4. Pima mguu. Chukua uzi, uzungushe vidole vitano juu ya kifundo, funga fundo pale unapokutana. Fanya hivyo asubuhi kabla hujashuka kitandani na jioni kabla ya kulala, mahali palepale. Hifadhi nyuzi.
5. Baada ya wiki mbili linganisha. Uzi haujafupika, dawa haijafanya kazi, hata kama ni chungu na ya bei kubwa.
6. Usiache dawa za hospitali. Mwaka 2011, wakati watu walipofurika kunywa kikombe cha dawa cha Babu kule Samunge, Loliondo, wapo walioweka kando dawa zao za kila siku, na hali zao zikawa mbaya.

Mganga aliyesajiliwa hachukii maswali. Tiba asili ina sheria yake tangu mwaka 2002 na Baraza lake, na halmashauri ina mratibu wa tiba asili ambaye unaweza kumuuliza kama mtu huyo anatambuliwa. Uliza kwa adabu:

— Shikamoo babu. Nina mguu huu, na nameza dawa ya presha. Dawa hii ni ya mti gani?
— Marahaba, mwanangu. Ni mizizi, naichanganya mwenyewe.
— Nikiinywa na dawa ya presha haigombani, babu? Na nikiona vibaya, nirudi kwako au niende zahanati?

Akikujibu kwa jina la mti na akakuambia lini uende zahanati, huyo ni wa kuaminika zaidi. Akikutaka uache dawa za hospitali kwanza, muage kwa heshima. Jihadhari pia na chupa inayoondoa maumivu ndani ya saa moja: katika nchi nyingi zimekamatwa dawa "za asili" zilizotiwa kwa siri steroidi na dawa za maumivu za hospitali, ambazo huharibu figo na tumbo.

Kazi nne za kila siku

Hizi zinafaa mguu wa vena na zinafaa matende pia, ndiyo maana nakuhimiza uzianze hata kabla ya kupata jina la ugonjwa, maadamu huna dalili za sanduku la hatari.

*Kuosha.* Kwa maji safi na sabuni ya kawaida, mara moja au mbili kwa siku. Ukitoka kwenye maji ya chumvi au tope la kamba, suuza kwa maji yasiyo na chumvi. Najua vijiji vya delta ambako maji hayo ni ya kutafuta, na makopo mawili yanatosha ukianza na mguu mzima na kumalizia vidole. Kausha kwa kugusisha kitambaa, kati ya vidole usisahau. Penye fangasi, omba dawa ya kupaka duka la dawa muhimu. Mafuriko kama yale ya Aprili 2024 yanapokuja, mguu wenye mipasuko usitembee majini pekupeku. Vaa buti.

*Kuinua.* Lala chali, miguu juu ya mto au gunia lililokunjwa, juu kidogo ya usawa wa moyo, dakika 20 hadi 30, mara tatu kwa siku. Usiku weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa nyayo. Anayekatika pumzi akilala chali asifanye hivi, aende hospitali. Kosa la kawaida ni kukaa kwenye kiti na kuweka mguu juu ya kigoda: nyayo bado ziko chini ya moyo.

*Kufunga.* Hii ndiyo dawa kubwa ya vena, kwa soksi za kubana au bandeji ya kuvuta.

1. Funga asubuhi kabla mguu haujajaa.
2. Anzia mwanzo wa vidole, zungusha unyayo, funika kisigino.
3. Panda hadi chini ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia.
4. Mkazo uwe mkubwa kifundoni na upungue kadiri unavyopanda. Ukibana juu na kulegeza chini, utazuia damu kupanda.
5. Vidole vikiwa vya baridi, vya buluu au vyenye ganzi, fungua hapo hapo.
6. Usiku vua, bandeji ioshwe.

*Usifunge* kama una kisukari chenye ganzi, kama shavu la mguu hubana ukitembea na kuachia ukisimama, au kama nyayo ni baridi daima. Huenda mishipa inayoleta damu ndiyo iliyoziba, na bandeji itauua mguu. Daktari apime kwanza.

*Kutembea.* Dakika 30 kwa siku. Ukisimama kazini, nyanyua visigino mara 20 kila saa. Ukiwa mtumbwini kwenda Mafia au kwenye basi la Dar es Salaam, kunja na kunjua vifundo kila baada ya muda mfupi.

Ukiwa na kidonda, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, funika kwa shashi safi, na usipake kitu kingine. Wiki mbili zikipita bila kupungua, kisikae nyumbani.

Siku ya kwenda hospitali

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kwa uchunguzi zaidi watakupeleka Kibiti, Mchukwi au Utete, na kipimo cha mishipa kwa mawimbi ya sauti huenda kikakufikisha Muhimbili. Kwa wanaotoka visiwani ndani ya delta, panga safari kwa maji kujaa, ila dalili za sanduku la hatari hazisubiri bamvua.

Beba:

- nyuzi zako za vipimo, za asubuhi na za jioni
- dawa zote unazomeza, na jani, gome au chupa uliyotumia, hata kama unaona haya
- kadi ya kliniki kama ni mjamzito
- kitambulisho cha bima kama unacho
- nguo inayopandishwa hadi gotini kwa urahisi

Ukifika sema kwa mpangilio: mguu upi, ulianza lini, taratibu au ghafla, hupungua asubuhi au la, una homa au huna, umekunywa na kupaka nini. Uliza mambo matatu: ni vena, ni matende au ni kitu kingine; naweza kufunga bandeji; na dawa zangu zipi zinavimbisha. Ukipewa bandeji, muombe muuguzi akufunge ukitazama, kisha ifungue na uifunge mwenyewe mbele yake kabla hujaondoka.